Kilio cha Palaghia

Wengine huenda kutazama filamu za mizuka ili waogope, warudi nyumbani wakikimbia vivuli vyao. Mzee Nechita wa kijiji chetu cha Runcu de Sus alikuwa akienda kumsikiliza mkewe.

Tulimzika Palaghia miaka tisa iliyopita. Tangu hapo, kila filamu mpya ya Mjane wa Mnarani ilipofika mjini Baia Mare, mjukuu wake Ilinca alimpakia kwenye kigari chake chekundu wakawahi onyesho la saa nane mchana, tiketi ya wazee, safu ya tatu kutoka mbele. Filamu sita za mzuka mmoja! Mimi nilitazama mbili nikaona yatosha. Ile ya nne haikuwa hata na mnara. Mjane alihamia kwenye meli, sijui alifuata nini huko. Nechita hakujali. Meli, mnara, hospitali ya vichaa, kwake yote sawa, maana sauti ilikuwa ileile.

Mwenye kuzijua filamu hizo anaijua sauti hiyo. Kabla mjane hajatokea, kengele hulia mara moja yenyewe, taa huzimika, kisha mwanamke anasikika akiomboleza kutoka mbali. Sauti ndefu, inapanda na kushuka, wameipunguza kasi na kuichanganya na upepo hata huwezi kushika neno. Hapo vijana humwaga bisi zao na wasichana hujificha mabegani mwa wachumba. Nechita alivua kofia, akaiweka gotini, macho yakamlowa. Katika ile ya sita, binti aliyekaa kando yake alimwinamia.

"Babu, wewe huogopi?"

"Nimwogope vipi? Nimelala naye kitanda kimoja miaka arobaini na sita."

Binti akahama kiti.

Sasa, msije mkadhani mzee alikuwa amechanganyikiwa. Sauti ilikuwa ya Palaghia kweli. Huku kwetu maiti haizikwi kimya kimya, au tuseme zamani haikuzikwa hivyo. Alikuwapo mwanamke wa kuomboleza. Anasimama kichwani pa jeneza, anamwita marehemu kwa jina, anamsuta, anamuuliza mbona ameondoka na kazi ziko nusu, anamsimulia mambo ambayo hakuna aliyethubutu kumwambia alipokuwa hai. Palaghia alikuwa bingwa wa kazi hiyo katika vijiji vitano. Akifungua kinywa, hata waliokuja kwa ajili ya ugali na maziwa ya mgando walilia. Alipokufa yeye hakukuwa na wa kumlilia. Wasichana wetu wote wako Italia na Hispania wanawaogesha wazee wa watu.

Filamu ya kwanza ilipigwa hapa kijijini, kiangazi cha mwaka tisini na nane. Mwongozaji alikuwa Mwingereza mmoja mwenye kaptula na miguu myeupe. Alilipenda kanisa letu la mbao na mnara wake mrefu, akaweka jeneza katikati ya kanisa, akaomba mwanamke wa kumlilia mfu. Watu wakampeleka kwa Palaghia. Akaja na kitambaa chake cheusi, Nechita nyuma akimbebea mkoba. Palaghia akachungulia ndani ya jeneza.

"Mbona hamna mtu?"

"Ni filamu, mama," akasema mkalimani. "Watu hawataona ndani."

"Mimi nimeona. Haya, namlilia nani?"

"Yeyote tu, anasema mwongozaji."

"Yeyote hana mama wala jina. Kilio kisicho na jina ni kelele za paka juu ya paa. Mwambie hivyo."

Wakabishana nusu saa nzima. Mwongozaji akatoka jasho. Palaghia akalitazama lile jeneza kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mumewe.

"Nechita, nenda kageuze nyasi kule juu."

"Nimezigeuza asubuhi."

"Kazigeuze tena."

"Wewe mwanamke, nyasi si mkate, zikigeuzwa mara mbili zitageuka nini?"

"Nechita. Nenda."

Akaenda. Wanakijiji wengine nao akawatoa, mlango ukafungwa, wakabaki ndani wageni tu wasiojua hata kuomba maji kwa lugha yetu.

Nechita alikuwa juu ya malisho ameshika reki sauti ilipoanza. Alikuwa amemsikia mkewe kwenye mazishi mengi mno, lakini hakuwahi kumsikia hivyo. Sauti ilipanda bonde zima. Maneno hayakufika. Akasimama pale na reki yake, na jambo moja likamwingia moyoni kama mwiba, lisitoke tena. Kilio kama kile si cha sanduku tupu. Kina mtu. Na mtu mwenyewe Nechita alidhani anamjua.

Ni Toader. Kabla ya Nechita, Palaghia alikuwa na mchumba, kijana mrefu wa kukata magogo, mwimbaji, mwenye meno yote. Toader aliangukiwa na mti msituni majuma matatu kabla ya harusi. Miaka miwili baadaye Palaghia akaolewa na Nechita, mtu mfupi, mchapakazi, asiye na maneno mengi. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kikijua jambo hakikuachi ulisahau. Kwenye kila harusi, horinca, pombe yetu kali ya matunda, ikishapanda vichwani, alikuwapo mpumbavu wa kumpiga Nechita bega na kusema, "Bahati yako, ndugu yangu, mti ulianguka upande ule."

Jioni ile Palaghia alirudi na macho yamevimba.

"Umemlilia nani?" akauliza Nechita.

"Nimelilia sanduku. Kula, ugali unapoa."

Kesho yake akafanya jambo lililompiga mumewe msumari wa pili. Alikuwa na kuku mmoja mweusi, mtagaji hodari, hakumkosesha yai hata wakati wa theluji. Palaghia alimkamata kuku yule, akamfunga miguu, akampitisha juu ya uzio kwa jirani Axinia pamoja na mshumaa unaowaka na mkate wa mviringo, akanong'ona maneno. Huku kwetu kitu kikipitishwa juu ya uzio na mshumaa ni sadaka ya roho ya mtu. Nechita alikuwa kwenye kuni, shoka mkononi, akaona yote. Kuku wangu, akasema moyoni, kuku niliyemlisha mwenyewe, sasa anakwenda kumshibisha Toader! Hakuuliza. Akapasua kuni mpaka jua likatua, na kuni zile zilitosha majira mawili ya baridi.

Wakaendelea kuishi, na si kwamba waliishi vibaya. Walicheka, walilea wajukuu, waligombana kuhusu chumvi, maana Palaghia alitia chumvi mkono mzito na Nechita alimkemea kila siku ya Mungu. Lakini filamu ilipotoka, Palaghia alikataa isitajwe nyumbani. Ikionyeshwa kwenye televisheni alichomoa waya ukutani. "Ushetani," alisema, na kupiga ishara ya msalaba. Hilo nalo Nechita akaliweka pale pale penye mwiba.

Palaghia alikufa mwezi wa kumi, katikati ya kabichi zake, kisu mkononi. Alikuwa ameshasema azikwe kando ya mama yake. Sawa, ni haki ya mtu. Ila kaburi la mama yake liko hatua mbili kutoka la Toader. Nechita alisimama pale akitazama hatua hizo mbili, na hakutoa chozi. Watu waliona. Watu walisema. Ati jicho la Nechita ni jiwe.

Kilichofuata ndicho kilichomchanganya. Alasiri moja ya theluji alikuwa akipita dirishani kwa Axinia na ndoo ya maziwa, akamsikia Palaghia akilia ndani. Ndoo ikamtoka. Axinia alikuwa akitazama filamu. Nechita akasimama kwenye theluji, maziwa yakienea miguuni, hadi sauti ilipokwisha, halafu akagonga mlango akauliza kama itarudiwa. Hakuwa na picha ya mkewe akicheka, hakuwa na kanda wala barua. Sauti hiyo tu ndiyo iliyobaki duniani, na ndiyo sauti aliyoamini ilimlilia mwanamume mwingine. Alimpenda, alimkumbuka mpaka kifua kikamuuma, na kila alipomsikia alijichoma upya. Na bado alirudi. Nenda kamwelewe mtu.

Mwaka huu, mwezi wa saba, mambo mawili yalikutana.

La kwanza lilikuwa Simion. Huyu ni mume wa Axinia, fundi wetu wa kuchonga misalaba ya mwaloni. Kwetu mtu mzima hangoji kufa ndipo achongewe. Unaweka jina lako na mwaka wa kuzaliwa, unaacha nafasi ya mwaka mwingine, unalala usingizi. Simion alikuja uzioni na penseli sikioni.

"Jirani, baada ya Sikukuu ya Maria naenda Italia kwa mwanangu, sirudi mpaka masika. Msalaba wako niuchonge wapi? Niongeze jina kwenye ule wa Palaghia, au nikutengenezee wako kule kwa mama yako?"

"Nitakuambia."

"Umeniambia hivyo tangu mwaka juzi. Una miaka sabini na minane, si kijana wa kuposa. Utanifia kabla hujaamua, nikuweke kwenye kibanda na mbao?"

"Nitakuambia, Simion!"

"Haya, haya. Usinipigie kelele. Mimi ni fundi tu."

La pili, walirudi watu wa filamu. Ya saba. Walitaka kuimalizia pale ilipoanzia, kwenye mnara wetu. Magari meupe yakajaa bondeni, nyaya zikatambaa hadi kwenye mabanda ya nguruwe. Mwongozaji alikuwa mwingine, na mjane alikuwa na sauti mpya, dada mmoja wa London aliyefanya mazoezi ya kulia nyuma ya duka mpaka mbwa wakakimbia. Sauti ya Palaghia walikuwa wameichoka. Kutoka kikosi cha zamani alibaki mtu mmoja tu, Lajos, mnasa sauti wa Budapest, mwenye mvi na tumbo, na aliwaambia watu dukani kwamba hii ndiyo kazi yake ya mwisho. Ilinca, ambaye ni mwalimu wa Kiingereza mjini na yuko likizo, alizungumza naye akirudi na mkate. Alikuja kwa babu yake mbio hadi kwenye malisho ya juu.

"Babu! Yule mtu anayo!"

"Anayo nini? Pumua kwanza."

"Ile ya bibi. Kilio chote, kama alivyokilia, bila upepo, bila mashine. Ameitunza miaka yote. Kesho kutwa wanaondoka."

Nechita aliendelea kuvuta reki. Nyasi zote zilikuwa chini, siku ya tatu, zimekauka vizuri, na juu ya mlima wa Gutâi wingu lilikuwa linajijenga taratibu. Mtu mwenye akili haachi nyasi katika hali hiyo.

"Babu, umesikia?"

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

"Twende basi."

"Na akimtaja?"

Ilinca aliijua hadithi ya Toader, nani hapa asiyeijua. Akashika mpini wa reki ukaacha kwenda.

"Akimtaja, utajua. Utamwambia Simion akuchongee kwa mama yako, mambo yaishe. Miaka ishirini na mitano babu! Huchoki?"

Alichoka. Mungu anajua alichoka. Akatupa reki, akaitazama mvua kule mlimani, wakateremka.

Lajos alikuwa amekaa nyuma ya gari lake nje ya kanisa, kompyuta gotini, anakula kitunguu na mafuta ya nguruwe. Alipoambiwa huyu ni nani, alisimama, akapangusa mikono kwenye suruali, akamshika Nechita mkono wote mpaka kiwiko.

"Mwambie," akasema Nechita, "mzuka wao nimeusikia vya kutosha. Nataka kumsikia mke wangu."

Ilinca akatafsiri. Lajos akajibu kirefu.

"Anasema hajawahi kunasa sauti kama ile. Ameisikia maelfu ya mara, na hajui neno hata moja. Anauliza kama ukishasikia utamwambia bibi anasema nini."

"Tutaona."

Lajos akamvalisha hedifoni juu ya kofia, akaona haikai, akaivua kofia kwa adabu, akamvalisha tena. Ilinca akanyoosha mkono ili naye asikilize upande mmoja. Nechita akamzuia. Kama ni aibu, ingekuwa yake peke yake. Akakaa kwenye ngazi ya kanisa, akashika magoti, akakaribia kuvua dude lile na kurudi kwenye nyasi zake.

Kwanza alisikia mlango ukifungwa. Alisikia mtu akikohoa, na akakijua kikohozi hicho. Alikisikia kila asubuhi mkewe akiwasha jiko. Akasikia mbao za sakafu. Halafu Palaghia akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Mungu nisamehe." Akavuta pumzi.

"Nechita!"

"Naam?" akajibu Nechita kwa nguvu, na kugeuka nyuma.

Hapakuwa na mtu nyuma. Lajos na Ilinca walikuwa wanamtazama.

"Nechita wangu, Nechita, mbona umelala mchana? Inuka, vaa viatu, nyasi ziko chini na mvua iko mlimani. Inuka, ng'ombe anakuita, mimi simjibu, hanijui mimi, anakujua wewe. Ni nani uliyemwachia reki yako? Ni nani atakayenikemea kwa chumvi? Nitatia chumvi leo, nitatia na kesho, nitakula peke yangu na hakuna atakayekunja uso. Uliniposa nikiwa na kitambaa cha msiba. Ulijua macho yangu yanatazama wapi, ukajua, ukanyamaza. Ukanikatia kuni umenyamaza, ukanijengea tanuri umenyamaza. Hukuniuliza kitu, ee mtu wa jiwe, na mimi ningekujibu! Ningekuambia yule nilimsahau siku ya ndama. Ulitoka mtoni kwenye theluji na ndama shingoni, ndevu zimeganda, ukamwingiza ndani ukamlaza kitandani, upande wangu, ukasema sogea. Nikasogea. Tangu siku ile sikumtazama mwingine. Na sikukuambia, kwa kuwa ungevimba kichwa. Sasa nakuambia wapi? Nakuambia kwenye sanduku. Inuka, Nechita, unisikie. Inuka hata unikemee..."

Iliendelea hivyo kwa muda mrefu. Ilinca aliniambia baadaye babu yake alikuwa amefumba macho na midomo ikiwa inajibu, ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayezungumza kwa simu na mtoto wake aliyeko mbali.

Kilio kikakatika. Mtu akapiga makofi, Mwingereza yule bila shaka. Hatua zikazunguka. Lajos hakuwa amezima mashine. Palaghia alikuwa amesogea pembeni, bila shaka penye picha ya Mama wa Mungu, na sasa alinong'ona haraka haraka kwa sauti ya kila siku, ile ya kupatana bei sokoni.

"Bwana, umeona mwenyewe, huu ni mchezo. Wamenitaka kilio, nami nikilia bila mtu sauti haitoki, na mtu wa kunitoa sauti ni yeye peke yake. Usije ukanikamata kwa maneno yangu. Yeye yuko juu anageuza nyasi, mzima kabisa, mwache ageuze. Kesho namtolea kuku, yule mweusi, siyo yule kilema. Na kama ulikuwa umeshaandika kwamba mmoja aende, basi nitangulie mimi. Sitaki kumlilia huyu mara ya pili. Siwezi."

Akagonga mbao mara tatu. Halafu akapaza sauti, "Haya, imewatosha? Nina mkate kwenye tanuri!"

Hapo ikazimika.

Nechita alivua hedifoni akaiweka kando pole pole. Kisha akasimama na kukemea mlango wa kanisa kwa sauti iliyosikika hadi dukani.

"Nani alikutuma? Eh? Nani alikutuma uombe hivyo, mwanamke? Uliniuliza? Utangulie wewe, utangulie, na mimi nibaki na kabichi! Kichwa kigumu! Kichwa kigumu, mpenzi wangu, mjinga wangu!"

Akakaa tena na kulia, yule mwenye jicho la jiwe. Alilia kilio cha miaka tisa, na kamasi, bila leso. Wapiga picha walisimamisha kazi. Dada wa London alikuja akatazama, akaenda zake kimya. Lajos aliinama akamgusa Ilinca bega.

"Babu, anauliza bibi anasema nini."

Nechita akajipangusa kwa kofia. Akaangalia mlimani. Wingu lilikuwa limeshafika katikati.

"Mwambie anasema nyasi ziko chini. Twende."

Waliingiza nyasi zote. Sijui walifanyaje, mzee wa miaka sabini na minane na mwalimu wa Kiingereza aliyevaa viatu vya mjini. Lajos naye alipanda na tumbo lake akashika uma, akawa anatupa nyasi kombo na kuomba radhi kwa Kihungari. Tone la kwanza lilianguka mlango wa ghala ukifungwa. Nechita akawapa horinca ya plamu, glasi mbili mbili, na Lajos akampa kitu kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, sauti ya Palaghia yote ndani.

Asubuhi yake mvua ilikuwa imekatika. Nechita alikamata kuku, mweusi, mtagaji, akamfunga miguu. Akawasha mshumaa, akaenda uzioni. Axinia alikuwa anatandaza nguo.

"Jirani Axinia, pokea."

Axinia akafuta mikono kwenye aproni, akapokea kuku kwa mkono mmoja na mshumaa kwa mwingine. "Mungu ampokee. Ni kwa roho ya nani?"

"Ya Palaghia. Na yule wa kwanza, wa mwaka ule, alikuwa wa nani?"

Axinia akamtazama. Ni mwanamke mwenye mdomo, Axinia, hajawahi kutunza siri mpaka chakula cha mchana. Lakini hii aliitunza.

"Umeshajua," akasema.

"Nimejua. Mbona hukuniambia? Miaka yote hiyo unaniona nanuna!"

"Sadaka ya mtu aliye hai mwenyewe haambiwi, inaharibika. Alinilisha kiapo, mshumaa kama huu mkononi. 'Kwa uzima wa Nechita,' alisema, 'na Axinia, ukifungua mdomo nakuja kukulilia wewe.' Mimi na Palaghia! Ningethubutu?"

"Alikuwa mtamu?"

"Nani?"

"Kuku wangu."

"Mtamu sana, kaka yangu. Tulimla na tambi. Alikuwa na mafuta hivi."

Nechita akacheka mpaka akashika mti wa uzio. Simion akachungulia kutoka kibandani, mbao za mwaloni nyuma yake, penseli sikioni.

"Mnacheka nini asubuhi yote hii? Jirani, umeamua? Wapi?"

"Kwake. Jina langu chini ya lake, herufi ukubwa mmoja. Na uweke maneno."

Simion akachomoa penseli, akatafuta kipande cha mbao cha kuandikia. Kwa kawaida tunaandika hapa anapumzika fulani, mchapakazi, mcha Mungu, na kadhalika.

"Sema."

"Andika: Palaghia, nyasi nimeshaingiza."

Simion akaandika neno moja, akasimama.

"Ndugu yangu, haya si maneno ya msalaba. Watu watapita watacheka."

"Wacheke."

"Padri atauliza ni ya nini."

"Sikumwandikia padri," akasema Nechita. "Andika."